Kombe la Alfajiri

Basi la kutoka Kondoa lilipokaribia Msalato, Salha alikuwa amemlaza mapajani binti yake, anayekwenda kufanyiwa operesheni ya mafindofindo. Jirani yake wa kiti, Yeremia, alikwishamweleza bila kuulizwa kwamba kazi yake ni kuwapa wagonjwa nusu kaputi, huko Singida. Sasa akauliza kama mtoto amekula.

"Tangu jana hajala wala kunywa, walivyoagiza," Salha alijibu. "Alfajiri kanywa kombe tu, kikombe kimoja. Shehe kamwandikia aya kwa zafarani, tukaziosha kwa maji."

Yeremia akamtazama mtoto, kisha saa yake. "Mwambie daktari, dada," akasema.

"Ili anicheke? Kwani maneno ya Mungu yatamdhuru mwanangu?"

"Maneno hayamdhuru. Ni maji. Akiwa amelala yanaweza kupanda yakaingia kwenye mapafu. Wakijua, watamsubirisha kidogo tu."

"Au wataturudisha nyumbani. Nyinyi wa hospitali kitu msichokipima hamkiamini."

"Mimi kabla sijamlaza mgonjwa napiga ishara ya msalaba."

Salha akamgeukia, maana hilo hakulitegemea kwa mtu wa sindano. "Unamwomba nini Mungu?"

"Mgonjwa awe ameniambia kweli."

Basi likasimama, konda akaita wa hospitali washuke. Salha akambeba mwanawe akashuka, kinywa kimemkauka kana kwamba yeye ndiye aliyekatazwa kunywa.