Fomu ya Ulinzi

Blanketi zito likilowa halikamuliki na mtu mmoja. Mapacha walikuwa hawajarudi shuleni, kwa hiyo Mama Wawili alitoka uani akamwita Wakili pale kwenye benchi aje ashike ncha ya pili. Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa jikoni kwake, na kila neno linalosemwa pale huingia dirishani mpaka kwenye sufuria, atake asitake. Mwenye ubao ni Fundi Viatu, anayeshona soli huku akibishana. Pembeni yake hukaa Redio, anayejua habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwake. Muuza Kahawa hutua birika hapo kila alasiri, eti kwa dakika mbili, huondoka jua likizama. Na Wakili si wakili. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi wa kuku aliyeibwa, kesi ikaahirishwa, na tangu siku hiyo hakubali jambo lolote kabla ya kulipinga.

Walikuwa wanasokota blanketi, huyu kulia, yule kushoto, maji yakichuruzika ndani ya beseni, simu ikalia dirishani. Ilikuwa simu ya Baba Wawili. Mkewe alikuwa akikaa nayo ili isimwamshe.

— Shemeji Redio, nina maji mikononi. Hebu nisomee.

Redio alikohoa kidogo, akakaa sawa kama anayesoma taarifa ya habari.

— Imetoka MFUKO. "Ndugu mwanachama, hujajaza fomu ya ulinzi. Mwisho ni kesho Ijumaa saa tisa alasiri. Baada ya hapo kipindi kitakatika." Basi. Hakuna salamu wala nini.

Mama Wawili aliachia blanketi, Wakili akayumba nalo.

Baba Wawili ni fundi mitambo wa kiwanda cha mifuko ya saruji. Mtaani hakuna anayesema maneno yote hayo. Wanasema tu "yuko Mifuko". Miezi minane nyuma kifua kilimbana, daktari akasema vumbi la karatasi limemwingia kwenye mapafu, asisogelee mashine tena mpaka aambiwe. Siku anaondoka kiwandani alikuwa amebakiza miezi minane atimize miaka kumi na mitano ya kuchangia pensheni ya serikali. Minane ya kuumwa, minane iliyobaki. Mama Wawili alikuwa akiilinganisha kichwani kila akipika, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kama mwezi wa kitandani nao ni mwezi. Alichokuwa amesikia ni kwamba ukikatika kabla ya kutimiza, kumi na minne yote uliyokwisha kuchanga inakuwa kama hukuichanga.

— Ulinzi? — Fundi Viatu alitoa sindano mdomoni. — Hongera, shemeji! Kiwanda kimemkumbuka. Wanamtoa kwenye mashine, wanamweka getini.

— Getini akafanye nini?

— Alinde! Fomu ya ulinzi ni ya nini kama si ya kulinda? Getini hakuna vumbi. Anakaa kwenye kiti, anafungua, anafunga. Mgonjwa anaiweza kabisa hiyo.

Mama Wawili alifikiria mtu ambaye akienda chooni anashika ukuta mara mbili. Lakini kiti... Kwa kitambo kidogo alikiona hicho kiti, na mumewe amekaa, amevaa koti.

— Asijaze! — Wakili alisema, ncha ya blanketi bado mkononi. — Mtego huo. Akitia saini kwamba anaweza kulinda, amekiri kwamba ni mzima. Na mzima aliyekaa nyumbani miezi minane anaitwa nani?

— Nani?

— Mtoro. Mtoro anafukuzwa. Akifukuzwa, kipindi kimekatika, pensheni kwaheri.

— Na asipojaza?

— Asipojaza amekataa kazi aliyopewa. Anafukuzwa vilevile.

— Sasa shemeji, akijaza anafukuzwa, asipojaza anafukuzwa. Unanishauri nini?

— Mimi nakueleza sheria. Ushauri ni kitu kingine.

— Msikilize huyo! — Fundi Viatu alicheka. — Kuku mwenyewe alishindwa kumtetea.

— Kesi iliahirishwa! Haikushindwa, iliahirishwa!

— Miaka tisa?

Redio alikuwa bado anaitazama simu, ameisogeza mbali kisha karibu.

— Nyinyi mnahangaika na ulinzi, neno lenyewe liko huku mwisho. Kipindi. Kitu gani kinaitwa kipindi na kinaweza kukatika? Ni cha redio. Ijumaa saa tisa kuna kipindi cha wafanyakazi, mimi sikosi. Wanataka kumhoji.

— Wamhoji mtu ambaye hamalizi sentensi bila kukohoa?

— Ndiyo maana wanaonya kitakatika.

— Acha masihara, shemeji.

— Si masihara. Hewani mtu akikohoa sana wanaweka muziki.

— Kipindi ni cha darasani, — Fundi Viatu alisema. — Shule tulikuwa na vipindi vinane kwa siku. Watamfundisha ulinzi kwanza. Asubuhi kwata, mchana kupanda ukuta, jioni kukimbia na mbwa.

— Ulisema anakaa kwenye kiti.

— Baada ya kufuzu!

Muda wote huo Muuza Kahawa alikuwa akipangusa kikombe kile kile. Sasa aliinama mbele, na wote wakainama pamoja naye, hata Mama Wawili.

— Mimi naona kuna mtu mwingine.

— Mtu gani?

— Kuna mtu aliumwa, akalala nyumbani. Jina lake likaendelea kwenda kazini bila yeye. Kila asubuhi jina linaingia, jioni jina linatoka. Shemeji, huenda jina la Baba Wawili sasa hivi linalinda ghala mahali, sisi tunadhani limelala humo ndani.

— Jina linakaaje getini?

— Halikai getini. Linakaa kwenye daftari. Hiyo fomu wanaitaka ili jina na mwenyewe wakutanishwe. Wakishindwa kukutana mpaka kesho saa tisa, wanakatwa, huyu huku, yule kule.

Hapo hata Wakili alisahau kupinga. Alisema tu:

— Wahenga walisema...

— Waache wahenga walale, shemeji. Shika blanketi, halijakauka.

Walimaliza kulikamua, wakalitandaza kwenye kamba. Mama Wawili alijifuta mikono, akachukua simu, akausoma ujumbe mwenyewe, neno kwa neno. Maneno yote alikuwa anayajua. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na katika maneno yale hakukuwa na hata moja la kumpeleka kwenye kamusi. Lakini yakikaa pamoja yalikuwa kama watu wanaojuana wote ila hawataki kumwambia wameonana wapi.

Ilikuwa imegonga saa kumi. Kama ni kazi ya getini, ingebidi amwamshe sasa hivi. Kama ni mtego wa Wakili, afadhali hiyo kesho saa tisa ipite bila mtu kujua ujumbe umefika.

— Naificha simu, — alisema. — Jumamosi nitamwambia ilikuwa haina chaji.

— Hapo umenena! — Wakili alisema.

— Unamkosesha kazi mumeo! — Fundi Viatu alisema.

— Na ulimwengu mzima utakuwa unamsubiri hewani, — Redio alisema.

Alikuwa tayari ameshaizima. Ndipo akapita yule fundi cherehani aliyehamia chumba cha nyuma wiki ile, futi ya kupimia bado shingoni, akauliza kama kahawa imebaki.

— Ya mwisho, dada, na ina machicha, — Muuza Kahawa alisema.

— Nipe hivyo hivyo.

Aliinywa amesimama. Ilimchukua mafunda matatu kusikiliza nadharia zote nne, kwa sababu walimweleza kwa pamoja.

— Samahani, mimi mgeni hapa, — alisema. — Mfuko gani huo?

— Mifuko! Kiwanda. Cha mifuko ya saruji.

— Na kiwanda kinamwita mfanyakazi wake mwanachama?

Fundi Viatu alirudisha sindano mdomoni. Wakili alifungua mdomo, kisha akaufunga, jambo ambalo benchi lilikuwa halijawahi kuliona.

— Huo ni Mfuko wa Pensheni, — mwanamke alisema. — Mama yangu alipougua figo alijaza fomu hiyo hiyo. Hakuna geti. Ni ya kulinda haki yako. Unapeleka barua ya daktari ofisini kwao, unaijaza huko huko, wanaandika kwamba hukuacha kazi, unaumwa, ili miaka yako isikatike. Kipindi ndiyo hiyo miaka.

— Kwa hiyo hewani hakuna kitu? — Redio aliuliza.

— Hakuna.

— Hata dakika tano?

— Kaka, hakuna.

Mama Wawili aliiwasha simu. Vidole vilikuwa bado vimekunjamana kwa maji.

— Na miezi iliyokwisha kupita, dada? Minane. Nayo wanailinda?

— Hapo sijui. Mama alijaza mapema. Lakini kuna kitu sikielewi mimi. Miezi minane ni mingi. Ujumbe kama huo hutumwa michango ikisimama tu. Nani aliwaambia Mfuko kwamba anaumwa?

Mama Wawili alimtazama Wakili, kwa sababu Wakili ndiye aliyempeleka mgonjwa hospitali siku ya kwanza.

— Mimi nilijua hospitali inapeleka yenyewe, — Wakili alisema.

— Mimi nilidhani wewe, — Redio alimwambia Fundi Viatu, bila sababu yoyote.

— Msimamizi wake alisema tutashughulikia, — Mama Wawili alisema.

— Tutashughulikia, yaani nani na nani?

Hakuwa amewahi kuuliza. Muuza Kahawa alikusanya vikombe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo zilisikika gari za barabara kubwa.

Mama Wawili aliingia ndani. Mumewe alikuwa macho, ameegemea mito miwili.

— Baba Wawili, ile barua ya kwanza ya daktari uliipeleka wapi?

— Si uliipeleka wewe?

— Mimi?

— Nilikupa mkononi, siku ile mvua inanyesha.

Aliikuta kwenye mkoba wa vyeti, kati ya kadi za chanjo za mapacha, imekunjwa mara nne, mhuri haujafifia. Juu kabisa ilikuwa imeandikwa "Kwa Anayehusika". Miezi minane, na kila mtu katika nyumba ile na kiwanda kile alikuwa amedhani anayehusika ni mwenzake.

Hakulia, maharage yalikuwa motoni. Aliiweka barua ndani ya bahasha ya plastiki, akamkalisha mumewe kitako aandike jina lake kwenye karatasi nyeupe mara mbili, ili kesho mkono usije ukagoma mbele ya karani. Pale mlangoni Wakili alikuwa amesimama, kofia mkononi.

— Shemeji, niwasindikize kesho? Nimshike huku, wewe umshike kule.

— Njoo saa kumi na mbili kamili. Lakini ukifika dirishani kwa karani, shemeji, usiseme kitu.

— Hata salamu?

— Salamu tu.

Mapacha walirudi, mmoja amekasirika, mwingine anacheka, wakaandaa meza. Mama mkwe alitoka chumbani kwake akiulizia chumvi kabla hajaonja. Baba Wawili alisema leo haletewi chakula kitandani. Alikuja akishika ukuta, akashika na kabati, akakaa. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kuuliza.

— Hiyo minane, Mama Wawili. Itahesabiwa?

— Sijui.

— Unadhaniaje?

— Leo nimesikia ya kudhani ya kunitosha mwaka mzima. Kesho nitamuuliza anayejua. Kula.

Alipakua, akasimama na upawa mkononi akihesabu kama afanyavyo kila siku kabla hajakaa: mama mkwe, pacha, pacha, yeye mwenyewe. Akamrudia mumewe, aliyekuwa amempakulia wa kwanza, akamwongezea kijiko.

— Watano, — alisema. — Wote wapo.