Bernadeta Modesti, Mwoga Aliyesoma Mpaka Nukta ya Mwisho

Tarehe 30 Juni 2025 Dada Bernadeta Modesti anatimiza miaka thelathini na mmoja ya kuandika makala za gazeti letu, na siku hiyo hiyo anastaafu. Chumba cha habari hapa Tabora kimeshaanza kupwaya. Kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Zablon wa meza ya kupanga kurasa. Kwa nini mimi, mtaona.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuandika matangazo ya vifo na minada. Siku moja mhariri alimtuma Kaliua kuandika habari fupi ya treni iliyochelewa. Akarudi siku ya nne na kurasa kumi na nne juu ya mama muuza uji wa stesheni aliyekuwa akiwasomea abiria barua zao. Mhariri aligomba weee, kisha akazichapa zote. Tangu hapo ukurasa wa kati ukawa wake: fundi cherehani wa Isevya aliyeacha seminari wiki mbili kabla ya upadri, wazee wakimbizi wa Ulyankulu waliopata uraia uzeeni, binti aliyerithishwa ngoma ambayo ukoo wao haukuwahi kumpa mwanamke.

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe huucheka: Dada Bernadeta ni mwoga. Mwoga hasa! Anaogopa mbwa, radi na bodaboda. Gazeti likiwa mtamboni, hali chakula. Na alikuwa na utaratibu wake: makala ikikamilika, anamrudia mhusika na kumsomea yote kwa sauti, mhusika akisema hili toa, linatoka. Tulimtania kwamba anapoteza siku bure. Alitujibu kwamba sisi tunakwenda kulala kwetu, ila tuliyemwandika anabaki na majirani zake.

Mwaka 2014 aliandika juu ya mjane mmoja upande wa Usoke. Nitamwita Apolinaria, si jina lake. Tangu ujana alikuwa akichochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku, kazi ya wanaume, na moshi ulimwachia macho mekundu. Mnajua huku kwetu macho mekundu ya bibi kizee yamesababisha mauaji mangapi. Alieleza wazi kwamba anayemwita mchawi ni shemeji yake, anayelitaka shamba aliloachiwa na mumewe. Aliposomewa makala alikuwa na ombi moja tu, kijiji kisitajwe.

Kosa ni langu. Picha ilimwonyesha kwa mgongo, mlangoni pa bani. Chini yake palibaki nafasi ya mstari mmoja, nami kwa ugonjwa wetu watu wa kurasa wa kutovumilia nafasi tupu, nikajaza jina la kijiji. Kijiji kizima kilikuwa na mwanamke mmoja tu anayechochea bani.

Dada Bernadeta aliuona mstari ule saa nne asubuhi, magazeti yakiwa yameshashushwa Usoke. Hakunigombeza. Alikiacha kikombe chake mezani, akapanda bodaboda kwa mara ya kwanza maishani, akaenda. Mimi nilibaki ofisini nikiogopa kila simu iliyolia.

Alikusanya nakala zote zilizoshushwa huko isipokuwa mbili. Akatoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kisha akahamia kwa Apolinaria. Siku ya tatu, mchana kweupe, shemeji akaja, gazeti kwapani, panga mkononi kama mtu atokaye shamba. Akasalimia vizuri tu. Akasema amesikia kwamba ametajwa humo, lakini kusoma hajui. Mgeni wa mjini amsomee.

Dada Bernadeta angeweza kuiruka aya ya shemeji. Nani angemlaumu? Alimtazama Apolinaria, naye akamwambia asome kama alivyoandika, asipunguze kitu. Majirani walikuwa wamejaa uani. Basi akasoma, akafika kwa shemeji na maneno yake ya uchawi na shamba, akayasoma yote, akaendelea mpaka nukta ya mwisho. Shemeji aliomba gazeti lake, akalikunja, akaondoka.

Mpaka leo hajasema kitu, na mpaka leo anaishi ng'ambo ya shamba lile. Ukimya huo ndio unaomtisha Dada Bernadeta kuliko panga. Apolinaria yu hai. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja Dada amempigia simu asikie tu sauti yake, na wala hakuna aliyemtuma.

Tunakushukuru, Dada, kwa watu wote uliotufahamisha, na kwa kutufundisha kuogopa kalamu zetu wenyewe. Nenda Urambo ukalime karanga zako, wajukuu wakuchoshe, ulale usingizi wa mchana bila kuwaza mtambo. Wiki iliyopita ulinikabidhi namba ya simu ya Apolinaria. Sikufichi, tangu hapo naogopa, na nimeshajua kwamba bibi asipopokea utaniuliza mbona bado niko ofisini. Uwe na siku tulivu na nyingi. Jumamosi nitapiga mimi.