Tone la Pili kwenye Simama Tena

MJOMBA: Haloo! Haloo? Nani mwenzangu?

DARUBINI: Shikamoo Mjomba. Ni mimi, Darubini.

MJOMBA: Aaa, mpwa wangu! Marahaba, marahaba. Namba ngeni hii, nikadhani ni wale wa kunipongeza nimeshinda gari. Vipi, cheti cha maabara yenu cha dawa yangu kimetoka? Fremu nimeshanunua. Msumari nimeshapigilia, hapo juu ya kaunta, kila anayeingia—

DARUBINI: Mjomba, niko hospitali. Mama amelazwa.

MJOMBA: Amelazwa? Dada yangu? Lini tena?

DARUBINI: Alfajiri. Aliamka kwenda chooni akaanguka. Anatapika, hana nguvu hata ya kushika kikombe, presha imeshuka mpaka nesi amebadilisha mashine akidhani ni mbovu. Sasa nisikilize vizuri. Daktari anazunguka wodini, yuko kitanda cha tano. Mama yuko cha kumi na moja. Akifika lazima niwe na jibu. Ndani ya hiyo dawa yako, Simama Tena, unaweka nini?

MJOMBA: Simama Tena inahusikaje na kuanguka? Jina lenyewe si linajieleza?

DARUBINI: Mjomba!

MJOMBA: Mizizi saba. Imeandikwa kwenye mkebe.

DARUBINI: Kwenye mkebe imeandikwa pia kwamba inatibu magoti, mgongo, presha, kukosa usingizi na wivu.

MJOMBA: Wivu waliomba wateja. [kwa mteja] Karibu mama, karibu sana. Ule wenye mfuniko wa kijani. Kijiko cha chai asubuhi, kimoja jioni, kwa maji ya uvuguvugu. Ndiyo, ni mizizi mitupu. [kwenye simu] Enhe, ulikuwa unasema?

DARUBINI: Nimeupima mkebe wako.

MJOMBA: Umeupima! Bila kunipigia hata simu nijiandae? Kwa ile mashine kubwa mliyoonyeshwa nayo kwenye taarifa ya habari?

DARUBINI: Mashine kubwa imefunikwa kitambaa. Tangu siku ya kukata utepe haijapima hata maji ya bomba. Inasubiri kipuri, kipuri kinasubiri saini, na mwenye saini yuko kwenye semina ya matumizi bora ya mashine. Nimepima kwa kibao.

MJOMBA: Kibao? Cha kukatia nyanya?

DARUBINI: Kibao cha kioo, kidogo kama kiganja, kimepakwa unga mweupe. Chini unadondosha tone la dawa usiyoijua, pembeni yake tone la dawa unayoijua. Unakisimamisha kwenye kimiminika kidogo. Kimiminika kinapanda, kinayabeba matone. Kila dawa ina mahali pake pa kusimama. Halafu unamulika kwa taa ya zambarau unayaona.

MJOMBA: Na tone langu lilisimama wapi?

DARUBINI: Bega kwa bega na dawa ya maumivu ya hospitali. Diklofenaki.

MJOMBA: Si unaona! Nilikwambia! Mizizi yangu ina nguvu sawasawa na za hospitali. Hilo liandike kwenye cheti, kwa herufi kubwa.

DARUBINI: Si nguvu sawa, Mjomba, ni kitu kilekile. Mizizi haizai diklofenaki.

MJOMBA: Ardhi ya siku hizi ina mambo mengi.

DARUBINI: Daktari yuko kitanda cha sita.

MJOMBA: Basi labda kilidondoka kidonge. Mke wangu ana vidonge vyake vya mgongo, anaviacha popote. Juzi nimekuta kimoja kwenye sukari. Mimi nasaga, naongea na watu, kidonge kinaingia. Bahati mbaya. Nani asiyejua bahati mbaya?

DARUBINI: Kidonge kikidondoka kinabaki mahali pamoja. Nimechota juu ya mkebe, nimechota katikati, nimechota chini. Nikanunua na mkebe mwingine kwa mtu wako wa sokoni. Matone yote yanang'aa sawa, huwezi kuyatofautisha. Kuna mizigo ya viwandani tunaikataa kwa sababu haikuchanganywa vizuri hivyo.

MJOMBA: Lazima ichanganyike! Unanifananisha na wale wa kukoroga kwa mwiko? Mimi nasaga yenyewe kwanza, laini kabisa, nachekecha mara tatu kwa chekecheo la unga wa keki, ndipo nachanganya na—

DARUBINI: Na nini?

MJOMBA: Haloo? Mtandao unakwaruza huku.

DARUBINI: Mtandao uko sawa. Nasikia mpaka feni yako inavyolia.

MJOMBA: Haloo... haloo...

DARUBINI: Mjomba, usinikatie simu. Ukinikatia nakuja hapo dukani na koti langu jeupe, na nitasimama mlangoni.

MJOMBA: [anashusha pumzi] Sasa mpwa wangu, nifanyeje? Mizizi mitupu niliuza mwaka mzima. Mizizi inataka subira ya miezi. Mteja anataka goti lipone kabla hajafika kituo cha basi. Nikaongeza kidogo. Kakidogo tu! Na watu wakapona. Wewe ulikuwa kazini, hukuona foleni. Mama yako mwenyewe alipanda ngazi za kwako mpaka ghorofa ya nne bila kushika ukuta.

DARUBINI: Nilimwona.

MJOMBA: Na kwa nini aanguke leo? Dawa ya maumivu hata watoto wanapewa. Miaka mitatu nauza, hajaanguka mtu.

DARUBINI: Kwa sababu kuna tone la pili.

MJOMBA: Tone gani la pili?

DARUBINI: Mjomba, tafadhali, usinichoshe. Wewe unalijua kuliko mimi. Alfajiri nilipomfikisha hapa nikampa dada yangu amshike mkono, nikakimbia maabara, nikapima upya. Juu ya ile ya maumivu kuna nyingine. Steroidi, dawa inayoiga homoni ya mwili. Hiyo ndiyo iliyomvimbisha uso.

MJOMBA: Kumvimbisha? Amenawiri yule! Mashavu yamerudi kama ya msichana!

DARUBINI: Ni mashavu ya dawa. Mtu akiitumia miezi mingi, mwili wake unaacha kutengeneza ya kwake, unajua utaletewa. Siku ukiikata ghafla mwili hauna kitu. Presha inashuka, sukari inashuka, mtu anaenda chini. Anaweza kufa, Mjomba. Mama anaweza kufa leo.

MJOMBA: Usiseme hivyo. Usilitamke hilo. Na nani kamkatia? Mimi Jumatatu nilimpelekea mkebe mpya mwenyewe, kwa mkono wangu!

DARUBINI: Ulimwagwa chooni.

MJOMBA: Na nani?

DARUBINI: Daktari yuko kitanda cha tisa.

MJOMBA: Haloo? Darubini? Nani aliumwaga?

DARUBINI: Mimi.

MJOMBA: Wewe.

DARUBINI: Nilipoona tone la diklofenaki nilikwenda kwake mbio, jioni ileile. Nikamwaga wote, nikamwambia marufuku hata kulamba kijiko. Alilia. Nikasema atazoea.

MJOMBA: Ngoja kidogo. Na hili tone la pili, siku ile hukuliona? Na taa yako ya zambarau?

DARUBINI: Nililiona. Kulikuwa na doa jingine, juu yake.

MJOMBA: Ukasema ni nini?

DARUBINI: Nikasema huo ndio mzizi.

MJOMBA: Kumbe siku moja uliniamini.

DARUBINI: Kibao hakikuambii jina, Mjomba. Kinalinganisha tu na ulichokiweka pembeni. Mimi niliweka dawa ya maumivu peke yake, kwa sababu ndiyo niliyokushuku nayo. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kukukamata, na nilipokukamata nikafurahi nikafunga daftari. Miaka tisa nawafundisha wanaoanza kazi wasifanye hivyo.

MJOMBA: Usilie basi. Darubini, usilie.

DARUBINI: Silii. Kuna vumbi. Sikiliza, steroidi ziko nyingi, za ukoo mmoja, kwenye kibao changu zinasimama karibu karibu. Na kiasi, kibao hakionyeshi kabisa. Daktari amesema tone si jina. Anataka jina, kiasi, na miezi mingapi. Kopo liko wapi?

MJOMBA: Kopo gani?

DARUBINI: La vidonge!

MJOMBA: Kuna mteja hapa—

DARUBINI: Mwambie asubiri!

MJOMBA: [kwa mteja] Kaka, samahani, subiri nje kidogo. Hapana, dawa ipo. Nimesema nje. [kwenye simu] Liko kwenye gunia la mizizi, huku chini.

DARUBINI: Basi angalau mizizi imepata kazi.

MJOMBA: Usinicheke sasa hivi. Hili hapa. Maandishi yake kama mayai ya chawa... miwani yangu... De... deksa... deksamethasoni. Nukta tano.

DARUBINI: Sifuri nukta tano? Miligramu?

MJOMBA: Sifuri nukta tano, miligramu. Ndiyo.

DARUBINI: Kila mkebe unasaga vingapi?

MJOMBA: Arobaini.

DARUBINI: Na mkebe unakaa siku ngapi?

MJOMBA: Kwa mtu wa kawaida, siku ishirini. Dada anaumaliza kwa siku kumi. Alisema kijiko kimoja ni cha wagonjwa, anachota viwili viwili.

DARUBINI: Na ukamwachia?

MJOMBA: Ni dada yangu mkubwa. Nimwambie nini? Tangu lini ananisikiliza?

DARUBINI: Vidonge vinne kwa siku. Miezi kumi. Ee Mungu wangu.

MJOMBA: Atapona? Niambie ukweli.

DARUBINI: Wakimpa kinachokosekana mapema, daktari anasema atainuka. Halafu watampunguzia taratibu, miezi na miezi. Na hao wateja wako wengine wako wangapi?

MJOMBA: Wengi. Sijui. Mwalimu wa zamu, fundi wa baiskeli, kwaya nzima...

DARUBINI: Usimwambie hata mmoja aache ghafla. Umesikia? Kosa langu usilirudie. Waambie waende hospitali, mkebe mkononi, waseme ndani kuna steroidi.

MJOMBA: Nikisema hivyo nimekwisha, mpwa wangu. Nimekwisha kabisa.

DARUBINI: Wewe mwenyewe unainywa?

MJOMBA: Mimi?

DARUBINI: Una goti bovu tangu nikiwa mdogo.

MJOMBA: Mimi goti langu nahudhuria kliniki. Jumatano.

DARUBINI: Mjomba wewe...

MJOMBA: Najua. Usiseme. Najua.

DARUBINI: Daktari amefika! Daktari! Nimepata, ni deksamethasoni, miligramu mbili kwa siku, miezi kumi! Ndiyo, naandika, nipe karatasi— Mama, lala, usiinuke. Ni Mjomba, ndiyo. Mama, huwezi kuongea na simu sasa... Haya. Haya, shika. Mjomba, namkabidhi simu, mimi nakimbilia famasi. Mwambie mwenyewe. Kwa mdomo wako. Mimi hata maji hapokei kwangu.

MJOMBA: Darubini, subiri, nitaanzia wapi—

MAMA: [sauti ndogo] Mdogo wangu?

MJOMBA: Dada! Pole, dada yangu. Pole sana.

MAMA: Nimeshapoa. Umeona walichonifanya? Miezi kumi natembea kama wenzangu. Amekuja huyu mwanangu na elimu yake, kamwaga dawa yangu. Siku ya tatu niko chini. Siku ya tatu tu! Wanataka kipimo gani kingine?

MJOMBA: Dada, nisikilize. Ile si mizizi.

MAMA: Unasemaje?

MJOMBA: Ni vidonge. Vya hospitali, vya kopo. Navisaga nachanganya. Mizizi ni ya rangi na uchungu tu. Nimekudanganya, dada. Wewe uliyenilea.

MAMA: [kwa mgonjwa wa jirani] Ngoja kidogo, naongea na mdogo wangu.

MJOMBA: Dada? Upo?

MAMA: Amekutisha.

MJOMBA: Hajanitisha mtu! Ni kweli—

MAMA: Amekutisha na karatasi zake. Amekwambia utafungwa. Nakujua mimi, tangu utoto ukikaripiwa unakiri mpaka usilolifanya. Usikubali, mdogo wangu. Vidonge vya hospitali nimemeza miaka sita, havikuninyanyua hata hatua mbili. Wewe ndiye umeninyanyua.

MJOMBA: Ni vilevile, dada! Wallahi vilevile! Nilizidisha tu!

MAMA: Acha kulia, mwanamume mzima. Una watu dukani?

MJOMBA: Wako nje.

MAMA: Wasikuone hivyo, utaharibu biashara. Sasa sikiliza, hii simu inalia-lia, nadhani salio linaisha. Nimeshawaeleza hapa wodini. Huyu wa kitanda cha kumi anataka mmoja. Wa dirishani wawili, wake na wa mumewe. Na kuna nesi, mgongo unamsumbua, mtu mzuri sana—

MJOMBA: Dada, usiwape! Dada, nakuomba, waambie—

MAMA: Nimeshawaambia! Nimewaambia mimi ni shahidi, nikinywa nasimama, nikiacha naanguka. Wameona kwa macho yao. Lete mikebe mitano leo, mchana kabla huyu hajarudi, na useme kwa mlinzi ni ndugu yangu wa—

[Salio limekwisha.]