Matofali Yanarudi Ukutani

Benchi la mbele ya duka la mbegu halina mwenyewe, ila ukikalia mahali pa mzee Redio utaambiwa usogee. Kutoka hapo Ukuta Mkuu unaonekana wote juu ya mgongo wa mlima, na wazee wa kijiji wameutazama miaka nenda miaka rudi, chupa ya chai mkononi, mbegu za alizeti mfukoni. Redio alikuwa kondakta wa basi. Amestaafu, mdomo bado uko kazini. Hakimu alikuwa mtunza muhuri wa kijiji, na kugonga muhuri kukamzoesha kutoa hukumu. Wa tatu ni Tong Delu, fundi mwashi, ambaye wote humwita Nyundo. Asubuhi hiyo ya vuli hakuja kukaa. Alikuja na nyumbu aliyebebeshwa matofali manane makubwa ya kijivu, akasimama kukaza kamba.

— Safari ya ngapi hii? Redio akauliza.

— Ya kumi na tisa.

— Na goti lako?

— Linakuja nyuma.

— Mtu mzima unabomoa banda lako la nguruwe, unalipandisha mlimani! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kaka.

— Ukuta uko juu, wewe. Ainame aende wapi? Hakimu akamkata.

Nyundo alicheka kidogo. Alikuwa na miaka tisa mwaka ule kijiji kizima kilipoamriwa kupanda kubomoa mnara wa mashariki, kila nyumba ijichukulie matofali. Yeye alibeba moja moja, amelikumbatia, macho kwenye vidole vya miguu. Baba yake akajengea banda. Majira ya kuchipua mwaka huu, akiwa kitandani hawezi hata kugeuka, mzee yule alimshika mwanawe mkono: “Yarudishe, Delu. Nimeuona ule mnara ulivyo kibogoyo kila nilipofungua mlango.” Akafa siku ya tatu.

— Kwanza mnajua ulijengwa kwa nini? Redio akaanza. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wale wa zamani kuna ufa waliudharau. Ona kilichowapata!

— Ufa gani wenye urefu wa safari ya miezi?

— Uvivu, Hakimu. Uvivu hauna mwisho.

— Hukumu yangu ni hii: ulijengwa kuzuia upepo. Mfalme alikuwa na mafua.

— Mafua ya miaka mia mbili?

— Yalikuwa ya ukoo.

— Haya, na chokaa yake? Waliikoroga na uji wa mchele, ndiyo maana babu zetu walikonda. Ukuta ulikula wali wao!

— Hilo la uji ni kweli, Nyundo akasema. Nimevunja patasi mbili pale juu kwa ugumu wake.

Kumbe amemchochea. Redio akasimama kabisa.

— Basi ukuta una njaa! Kitu kilichozoeshwa wali hakishibi matofali. Utapeleka banda, utapeleka jiko, mwisho utapeleka kitanda cha shemeji!

Wakacheka mpaka mbegu zikawapalia. Nyundo akakaza kamba ya mwisho.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliposhuka njia ya mlimani, kofia ngumu kichwani, viatu vyeupe kwa vumbi. Alijitambulisha kuwa Shao Huizhen, msimamizi wa mafundi waliokuja juzi kukarabati mnara.

— Shikamooni, wazee wangu. Tumefika penye dirisha la kaskazini, tumekwama. Hakuna picha, hakuna mchoro. Lilikuwa la tao au la mraba?

Redio akamgeukia Hakimu. Hakimu akaitazama chai yake. Walikuwa wamezaliwa chini ya dirisha lile.

— La mraba… nadhani, Hakimu akasema.

— Kwa “nadhani” siwezi kujenga, mzee wangu.

Nyundo alihisi uso unamuwaka. Siku ile ya kubomoa alipita chini ya dirisha lile kutwa nzima na hakuinua kichwa hata mara moja.

— Sijui, binti yangu, akasema. Lakini banda langu bado halijaisha kubomolewa. Twende.

Akamwacha nyumbu kwa Redio, akatangulia akichechemea. Ukuta wa nyuma wa banda ulikuwa umebaki kimo cha kiuno. Akaugonga kwa patasi taratibu, safu kwa safu, na Bi Shao akipokea. Jasho lilimchuruzika shingoni. Safu ya kwanza, matofali sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, chini ya hori, alitoa moja lililotulia vibaya mkononi: nene upande mmoja, jembamba upande wa pili. Akatoa la pili, vilevile. Mpaka la saba.

Akapiga magoti, goti bovu likilia, akayalaza kwenye tope kwa safu, upande mnene nje, mwembamba ndani. Yakaegemeana bila chokaa, yakapinda.

— Tao, Bi Shao akasema polepole.

— Tao, Nyundo akaitikia. Nguruwe wa baba wamelilalia jibu miaka yote hii.

Waliporudi, Nyundo alikuwa na tofali moja kifuani. “La tao,” akasema, “yako saba.” Redio aliliangalia, akaliangalia dirisha lililokosekana kule juu. Akamkabidhi kamba ya nyumbu.

— Mengine sita yako wapi? akauliza Hakimu, akifunga chupa yake ya chai.

— Bandani.

— Basi tusubirini. Mimi na Redio tunayafuata.