Nani Kalishika Koti?

Mbele ya kibanda cha fundi viatu, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, kuna benchi refu lenye mguu mmoja uliokatika na kuegemezwa kwa tofali. Wanaokaa hapo ni wale wale. Kuna Soli, fundi viatu mwenyewe, ambaye hukaa kwenye kigoda chake akigonga huku akisikiliza. Kuna Waya, fundi wa redio na simu, ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu aachishwe ziwa. Kuna Mzee Nukta, aliyepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini, na mpaka leo akikuta tangazo ukutani halina nukta mwishoni hulitia kwa kalamu yake. Na kuna Birika, dada muuza kahawa, ambaye hakumiminii kikombe bila kukumiminia na neno. Siku hiyo nyundo ya Soli ilikuwa imelala chini. Mama yake mzazi alikuwa anakuja saa kumi kuchukua picha yake ya harusi, na picha hiyo haikuwa tena na nyuso.

Kisa chenyewe kilikuwa cha aibu. Mama alimpa picha aitie fremu mpya, picha ya pekee, haina nakala. Soli akaiweka juu ya meza ya kazi, kopo la gundi likapinduka. Sasa fundi viatu akiona gundi, mkono hukimbilia petroli kabla kichwa hakijaulizwa. Alichovya kitambaa akasugua kama anavyosugua soli. Gundi ikatoka vizuri sana. Sura ya baba na sura ya mama nazo zikatoka, na baba mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa sita.

– Usilie, alisema Waya akifuta kioo cha simu yake kwa shati. Siku hizi kuna akili mnemba. Unaiandikia unachotaka, inakuchorea. Mama yako hatajua.

– Umeandika nini? aliuliza Birika.

– "Picha ya zamani ya harusi." Haya, hiyo inakuja.

Vichwa vinne viligongana juu ya simu. Bwana harusi alikuwa na kofia ndefu kama bomba la moshi. Pembeni yake palikuwa na farasi.

– Farasi ni wa upande wa bwana au wa bibi? aliuliza Birika.

– Nimeomba zamani, imeleta zamani.

– Zamani ya nani lakini? Kwetu sisi farasi tulimwonea kwenye kalenda.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Waya. Mwacheni farasi.

– Hamna nukta! Mzee Nukta alipiga goti lake. Sentensi haina mwisho, ndiyo maana mashine haikujua pa kusimama. Ingechelewa kidogo ingeleta na zizi.

Wakatia nukta. Waya akamgeukia Soli.

– Tueleze ilivyokuwa. Mficha uchi hazai.

– Wamesimama studio, alisema Soli. Nyuma kuna pazia limechorwa ngazi isiyokwenda popote, na chungu cha maua. Baba kavaa koti jeusi. Masikio yake makubwa, yametoka hivi. Mama gauni jeupe, kasimama karibu naye, kanuna.

– Kanuna? Siku ya harusi?

– Kanuna kabisa. Kafunga mdomo, mashavu yamevimba. Sisi watoto tumekua tukijua kwamba mama siku ile hakumtaka baba, alimzoea baadaye. Baba akiulizwa alikuwa anacheka tu, hajibu.

Birika alimtazama Soli, akamwongezea kahawa ambayo hakuwa ameomba.

Waya akaandika yote: studio, ngazi, chungu, masikio, bibi harusi amenuna. Nukta. Picha iliyokuja ilikuwa safi mno. Ngozi ziling'aa kama za watu wa tangazo la sabuni, na meno ya bwana harusi yalikuwa mengi kuliko kawaida.

– Huyu hajawahi kubeba ndoo, alisema Birika.

– Inatakiwa kupauka, alisema Mzee Nukta. Weka rangi ya udongo.

– Kwa nini picha za kale zina rangi ya udongo? aliuliza Soli, angalau apate la kufikiri.

– Damu nzito kuliko maji, alijibu Waya papo hapo. Ikikaa muda mrefu inageuka kahawia. Ni sayansi ndogo tu.

– Si kweli, alisema Mzee Nukta. Dunia yenyewe ilikuwa ya rangi hiyo. Mimi nilikuwepo. Rangi zilikuja taratibu. Kwanza ilikuja nyekundu, tukaizoea. Kijani nimekiona nikiwa na ndevu.

– Na majani je, mzee?

– Yalikuwepo. Ila hayakuwa yanajionyesha kama siku hizi.

– Na kwa nini watu wa zamani hawachekii kamera? aliuliza Birika.

– Kamera zile zilikuwa na chumba kimoja, alisema Waya. Ukicheka, kicheko kinabaki ndani. Kesho anakuja mfiwa kupigwa picha ya kumbukumbu, anatoka anacheka na kicheko chako. Wapiga picha walikatazana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Mzee Nukta, kwa kuona anazidiwa, alikohoa.

– Mimi nawaambia siri. Picha zote za wazee wetu zimo humo ndani ya mashine. Hazichorwi, zinaitwa. Sasa nyinyi mnawaita wazee bila salamu. Nani atakuja?

Kisha Waya, ambaye hakuwa mtu wa kupuuza nadharia, akaandika mwanzoni: "Shikamooni wazee wetu." Mashine ikafikiri, ikawaleta bwana na bibi harusi wote wawili wameinama kama waliodondosha sindano.

– Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Mzee Nukta kwa ushindi. Imetuelewa!

Hata Soli alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Saa tisa na nusu ilikuwa imeshapita. Wakaacha utani, wakaandika kwa makini, kila mmoja akitoa neno lake: chengachenga za picha ya zamani, rangi iliyopauka, mikunjo pembeni, kingo nyeupe zenye menomeno, mwanga wa upande mmoja. Birika ndiye aliyekumbusha kwamba gauni la zamani hushonwa na jirani, kwa hiyo lisikae sawasawa. Mashine ikatoa picha nne kwa mpigo.

– Chagua, alisema Waya. Baba yako ni yupi?

Soli aliziangalia. Wa kwanza alikuwa na masikio ya baba. Wa tatu alikuwa na paji la uso la baba. Alirudi kwa wa kwanza, akaenda kwa wa nne, na hapo woga ukamwingia, woga wa kweli, kwa sababu saa moja tu iliyopita alikuwa anaijua pua ya baba yake na sasa alikuwa anaichagua kama mtu anayechagua nyanya.

– Huyu wa tatu, alisema taratibu. Nadhani ni huyu.

– Hamjambo hapo!

Mama alikuwa amefika kabla ya wakati, kama kawaida ya mama. Alikuwa mfupi, mkoba kwapani, viatu vimeshonwa na mwanawe. Alimwitikia kila mmoja salamu yake, akamwamkia Mzee Nukta kwa heshima zote, akakalishwa mahali ambapo benchi halitikisiki.

– Picha yangu, baba.

– Iko kwenye fremu, mama, alisema Soli. Bado inakauka. Lakini tuliisafisha kwanza, tukaipiga kwa simu. Waya, mwonyeshe.

Mama alishika simu kwa mikono miwili. Aliisogeza mbali, akaileta karibu. Benchi zima liliacha kumeza.

– Nani kawaambia nilinuna?

Mama aliendelea kutazama, kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya bwana harusi aliyesimama katika koti lililomkaa utadhani kazaliwa nalo.

– Na koti huku nyuma kalishika nani?

Mzee Nukta alitafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Birika alimtazama Soli, na Soli akaona kwamba uongo wake umefika mwisho wa njia.

– Mama, nisamehe. Niliimwagia gundi, nikaifuta kwa petroli. Hiyo tumeiandikia mashine. Picha yako ni hii.

Akatoa bahasha chini ya kigoda. Mama aliitoa picha, akaiweka mapajani. Pale palipokuwa na nyuso palikuwa na mawingu mawili meupe. Alipitisha kidole gumba juu ya wingu la kulia, mara moja, mara ya pili, na machozi yakamjaa. Soli alitamani ardhi immeze yeye na kopo lake la gundi.

– Uliniogopa? aliuliza mama hatimaye.

– Nilikuogopa, mama.

– Mtu mzima na ndevu zako. Alijifuta macho kwa kiganja. Hebu njoo uone kilichobaki.

Kiwiliwili cha baba kilikuwa bado kipo, na koti jeusi ambalo mkono wake ulimmeza mpaka kwenye kucha. Mkono mmoja wa mama ulishika maua. Wa pili uliingia nyuma ya baba na haukuonekana tena.

– Mlikuwa mkifikiri namkumbatia?

– Tulifikiri umeuficha, alisema Soli. Kwa hasira.

– Hasira gani! Koti lilikuwa la studio. Mabwana harusi wote wa mji walivaa hilo hilo, na lilishonwa kwa kipimo cha mpiga picha, mtu mnene kuliko pipa. Baba yako alikuwa ufito. Wakamkunja kwa nyuma na vibanio vya nguo, vitatu. Mpiga picha kaingia chini ya kitambaa chake cheusi, anasema msitikisike, kibanio cha kwanza: pap! Kikaruka. Cha pili: pap! Nikakamata koti kwa ngumi kabla halijamvuka mume wangu mbele za watu. Naye kwa chini chini ananiambia, "Ukiachia, nimeaibika maisha." Nilijibana nisicheke mpaka mashavu yakauma. Ndiyo huko kununa kwenu.

Birika alikuwa wa kwanza kucheka, kisha likafuata benchi lote, na tofali likateleza, wakashuka upande mmoja wote watatu na mama juu yao. Soli peke yake ndiye aliyesimama, akicheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa amemhurumia baba yake bure.

– Ngoja nilirekebishe andiko, alisema Waya kutoka chini. "Bibi harusi ameshika koti kwa nyuma..."

– Kwa nyuma hakuonekani, fundi, alisema mama. Utaandikaje kisichoonekana?

Waya alifikiri. Na kwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi, alisema:

– Sijui.

Mama alijikung'uta, akamvuta mwanawe mbele ya kibanda. Soli alikuwa na aproni yake ya ngozi, kubwa, ya fundi aliyemrithi. Mama akasimama ubavuni, akapitisha mkono nyuma, akaikusanya aproni kwa ngumi mpaka ikamkaa vizuri.

– Tupige, alimwambia Waya. Wewe, simama wima. Usicheke.

Soli alifunga mdomo. Mashavu yakavimba. Simu ikalia, picha ikapigwa.

– Masikio ya baba yake hayo, alisema Mzee Nukta.

Waya aliitazama ile picha, yenye kibanda, viatu vilivyoning'inia na rangi zote za mchana.

– Niifanye ya zamani, mama? Niipaushe kidogo?

– Iache, alisema mama, akiwa bado ameishika aproni. Itazeeka yenyewe.