Sekunde Saba za Lowell Kratochvil

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliovuka theluji kufika katika kanisa hili la Hastings, mimi ni Tessa, na familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu, nami nitasoma polepole, kwa kuwa yeye hakuwa na simile na msomaji mwenye pupa.

Lowell Everett Kratochvil alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika shamba la mahindi karibu na Wilber, Nebraska, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Emil na Bibi Libuse Kratochvil, akasoma hapo hapo Wilber hadi Mei 1974, kisha akajifunza ufundi wa redio mjini Lincoln, akahitimu mwaka 1976 akiwa wa kwanza darasani, jambo ambalo hakuacha kulitaja.

Septemba 1979 aliajiriwa na kituo cha redio cha hapa mjini, na kuanzia 1991 akawa mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi cha Bwana Gil Tolliver, ambacho wengi wenu mmekisikiliza kwenye matrekta yenu, kipindi cha kutetea bunduki, kanisa, kodi ndogo, na ndoa ya mume na mke. Ieleweke kwamba Lowell hakuingia mle kama mpelelezi, mengi ya hayo aliyaamini, chama chake hakukibadili maisha yake yote, na rafiki zetu wa Omaha walipomuuliza anakaaje na watu wale, alijibu, "Wale ndio watu wangu. Nyie mnataka nihamie wapi?"

Mwaka 1984, kwenye mnada wa ng'ombe, alikutana na Duane Ostergaard, daktari wa mifugo, wakapendana, na tangu Januari 1986 wakaishi nyumba moja, ambamo kwa miaka ishirini na tisa Duane aliitwa mpangaji, ingawa sijaona mpangaji anayemfokea mwenye nyumba vile kwa sababu ya viatu vya matope. Kuhusu watoto, walijaliwa mmoja, ndiye mimi, baada ya mama yangu, dada yake Duane, kufariki mwaka 1998 nikiwa na miaka sita, nami nilifundishwa mapema kwamba nikiulizwa shuleni nijibu nalelewa na mjomba, basi. Ijumaa tarehe 17 Julai 2015 walifunga ndoa mahakamani, na kazini hakuambiwa mtu, kwa kuwa Lowell aliipenda kazi ile na aliogopa, nasema wazi, aliogopa sana kuipoteza.

Kipindi kile kilicheleweshwa sekunde saba kabla ya kwenda hewani, ili Lowell awahi kubonyeza kitufe na kukata matusi. Jumatano tarehe 14 Oktoba 2015, saa nne na robo asubuhi, mtu mmoja alipiga simu akasema, "Gil, unatuhubiria ndoa kila siku, mbona huyo fundi wako hapo kaolewa na dume mwenzake?" Lowell alikuwa na kidole juu ya kitufe, angebonyeza tu na asingesikia mtu, lakini alihesabu mpaka tano, akakiondoa kidole, na maneno yale yakaenda kaunti kumi na moja.

Gil akamjibu, "Kwanza sema vizuri, ndugu yangu, hakuna aliyeolewa, wameoana. Unadhani sikujua? Ndoa yao siikubali, na Lowell anajua siikubali. Lakini ukimchokoza mtu wangu, umenichokoza mimi. Haya, una neno kuhusu kodi, au huna?"

Wafanyabiashara wawili waliondoa matangazo yao, barua za matusi zikamiminika, na Jumatatu mwenye kituo akamwita Lowell, naye akaenda na barua ya kuacha kazi mfukoni, akatoka nayo bila kuitumia. Alirudi nyumbani akipiga honi tangu kona ya barabara, akaingia na viatu vyake vya matope, akamwambia Duane, "Mpangaji, leo nimekufukuza." Mwaka 2017 akawa mkuu wa vipindi, hadi alipostaafu Juni 2021, na yeye na Gil hawakuacha kubishana hata siku moja.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hapa na Omaha, akafariki nyumbani Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Duane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa redio. Kituo kile, katika matangazo ya vifo ya saa sita mchana, watu kama Duane kilikuwa kikiwataja kama marafiki wa marehemu. Jana Gil aliyasoma mwenyewe, akasema, "Ameacha mume, Duane Ostergaard, na binti, Tessa," kisha akarudia, kwa ajili ya aliyekuwa hajasikia.

Basi nami niseme mbele ya watu. Baba, kazi umeimaliza vizuri, lala kwa amani.