Mpiga Besi Mashoto

Kwenye kiti cha mbele yangu basini walikaa mpiga gitaa la besi na binti aliyemtengenezea kipeperushi cha onyesho la bendi yao. Binti akamwonyesha simu kwa madaha. "Picha yako ilikuwa imegeuka, dada, nikaiweka sawa." "Haikugeuka, mdogo wangu. Mimi ni mashoto."

Binti akagusa kioo cha simu. "Lakini hivi unaliangalia jina la bendi. Nikirudisha, utaligeuzia mgongo." "Acha niligeuzie. Shuleni mkono huu ulichapwa mpaka ukavimba, leo ndio unaowainua watu vitini." "Watu wataangalia tarehe, si mkono." "Mama yangu ataangalia mkono."

Mimi sikuulizwa, ila nilimwafiki dada. Basi likasimama mlangoni pa wachapaji. "Wanatungoja, dada, hakuna muda wa kupanga upya." Dada akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Lete hiyo simu."